Kingo za Bustani katika Mji wa Vilima

Mtu apitaye asubuhi katika mitaa ya Kigali, iwe anateremka kutoka Kacyiru au anapanda kuelekea Nyamirambo, haoni nyumba tu. Huona pia mistari. Kando ya barabara huona mstari wa majani ya pasipalumu yaliyofyekwa kwa kimo kimoja. Mbele ya nyumba huona mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, au wa matofali yaliyosimamishwa, au wa vichaka vifupi vyenye majani ya rangi ya dhahabu. Mistari hiyo ndiyo kingo za bustani, na wengi huihesabu kuwa pambo. Ni pambo kweli. Lakini katika mji uliojengwa juu ya vilima pambo hilo lina kazi ya kufanya, na mwenye nyumba anayelichagua kwa macho peke yake hulijutia mara mvua za Machi zinapoanza. Kazi yenyewe ni kuzuia udongo usiteremke.

Kigali ilianza mwaka 1907, pale Dakta Richard Kandt wa serikali ya Kijerumani alipoweka kituo cha utawala juu ya kilima cha Nyarugenge. Hata ilipofanywa mji mkuu wa Rwanda huru mwaka 1962, ilikuwa bado mji mdogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.7 katika Jiji la Kigali. Umati huo haukuweza kutoshea vileleni, na mabondeni ni majimaji yanayolindwa na sheria. Basi nyumba zimeenea ubavuni mwa vilima, moja juu ya kichwa cha nyingine, hata paa la jirani wa chini huwa sawa na kizingiti cha jirani wa juu. Katika hali hiyo maji ya mtu mmoja ni maji ya watu wote walio chini yake.

Mvua ya Kigali ni takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha tena kati ya Septemba na Desemba. Taabu yake haiko katika wingi bali katika namna inavyoanguka, kwa ghafla na kwa nguvu. Chukua paa la mita za mraba 60, ambalo si kubwa. Mvua moja ya milimita 30 ikilipiga paa hilo huangusha lita 1,800, yaani mapipa tisa ya lita 200, na yote hayo humwagika uani katika muda ambao mama wa nyumba hajamaliza kuivisha maharage. Kama hakuna mfereji wa paa wala tangi la kuvunia maji, mapipa hayo tisa hutafuta njia yao wenyewe, na njia iliyo nyepesi kwao ni tuta la maua lililotifuliwa juzi.

Udongo ukiondoka hauendi mbali na macho mara moja. Kwanza hulala kwenye njia ya jirani, kisha huingia katika mfereji mkubwa ambao Wanyarwanda huuita ruhurura. Yule anayekaa Kimisagara au Gitega anaujua mfereji wa Mpazi, jinsi unavyokuwa mwekundu na wenye kelele baada ya mvua. Mpazi huelekea Nyabugogo, ambako mara kadhaa wasafiri wamekuta barabara zimefunikwa na maji. Nyabugogo humwaga Nyabarongo. Nyabarongo huwa Akagera. Na Akagera huishia katika Ziwa Victoria. Ule udongo mweusi ulionunuliwa kwa gunia na kubebwa kichwani mpaka kwenye tuta la waridi umekwenda safari hiyo yote.

Haifai kutia chumvi. Ukingo wa bustani hauzuii mlima kuporomoka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, hasa katika Mkoa wa Magharibi, na hakuna safu ya mawe ya bustani ambayo ingesimama mbele ya nguvu ile. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kiwanja cha mlimani huanzia pale maji yanapopata njia ya kwanza, upana wa vidole viwili, pembeni mwa tuta lisilo na kingo.

Jambo la kwanza la kuamua, basi, si jiwe wala tofali wala ua. Ni kujua upande upi wa tuta unaohitaji ukingo. Desturi iliyoenea ni kupamba upande unaoonekana na wageni, yaani ule wa njia au wa lango, na kuuacha upande wa nyuma wazi. Mahali palipo tambarare desturi hiyo haina madhara. Mlimani, upande unaobeba mzigo ni ule wa chini. Huo ndio ukingo unaostahili mawe makubwa, kimo kikubwa na fedha nyingi zaidi, hata kama haumpendezi mtu isipokuwa mbuzi wa jirani. Ukingo wa juu yafaa uwe mfupi, ili maji yaingie tutani polepole na kunywewa, au uwe na kijifereji nyuma yake cha kuyapeleka pembeni pasipo na mtu. Mwenye kuinua ukingo wa juu na kuusahau wa chini hugeuza tuta lake kuwa mteremko wa kuchezea watoto.

La pili ni mstari wenyewe. Askari amezoea mstari ulionyooka, na kambini mstari ulionyooka ni fahari. Kwenye mteremko, tuta lililonyooka kutoka juu kwenda chini ni mfereji uliopandwa maua. Tuta la mlimani halina budi kulala kimkingamo, likifuata usawa wa ardhi, na usawa huo mara nyingi hupinda. Wakulima wa Rwanda wamelijua jambo hili kwa matuta yao ya ngazi, ambayo kingo zake hupandwa mabingobingo ya kulisha ng'ombe. Bustani ya mjini ni ngazi hiyo hiyo iliyopunguzwa ukubwa.

Kuupata usawa hakuhitaji fundi wala chombo cha bei. Huchukuliwa miti miwili iliyonyooka, kila mmoja mita mbili hivi, ikafungwa pamoja juu na kutanuliwa miguu. Katikati hufungwa mti wa tatu wa kukingama, na kilele huning'inizwa kamba yenye jiwe, mpaka kifaa chote kifanane na herufi A. Miguu huwekwa juu ya vigingi viwili na kutiwa alama mahali kamba inapokatiza mti wa kukingama. Kisha kifaa hugeuzwa, mguu wa kulia ukawekwa mahali pa mguu wa kushoto, na alama ya pili ikatiwa. Nusu ya nafasi kati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Tangu hapo mtu huuweka mguu mmoja chini, akausogeza wa pili mlimani juu au chini mpaka kamba itulie kwenye alama ya usawa, akapigilia kigingi, akaendelea. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuishika kazi hiyo na kuifurahia. Vigingi vikishasimama hufungwa kamba, na mchoro wa bustani umekwisha kupatikana. Ardhi yenyewe ndiyo imeuchora.

Sasa yaweza kuzungumzwa habari ya vitu vya kujengea.

Jiwe ndilo la kwanza. Vilima vya Kigali vina mawe yao magumu, na katika sehemu nyingi hupatikana pia mawe bapa yanayopasuka kwa tabaka, ambayo hupangika vizuri bila saruji. Kutoka Musanze na Rubavu, karibu na volkano, huja mawe meusi yenye matundumatundu yaitwayo amakoro. Uso wake umekwaruza na hushikana lenyewe kwa lenyewe. Kwa ukingo wa chini ni vigumu kupata lililo bora zaidi, na kuvumwani hulipamba bila gharama. Uchimbaji wa mawe una sheria yake, kwa hiyo yanunuliwe kwa mwenye kibali. Kuyachomoa katika kuta za barabara au za mifereji ya jiji ni wizi, tena ni wizi unaomrudia mwizi mvua ijayo.

Upangaji wake ni kazi ya subira. Huchimbwa handaki lenye kina cha kutosha kuzika thuluthi moja ya kimo cha jiwe. Makubwa hutangulia chini, na kila jiwe huelemezwa kidogo kuelekea mlimani, si kusimama wima kama askari wa gwaride. Nyuma ya mawe hujazwa kokoto kabla ya udongo, ili maji yapite na udongo ubaki. Wale wanaopenda kuunganisha kwa saruji hukosea hapo mara nyingi: huziba kila tundu, maji hukusanyika nyuma, na baada ya msimu mmoja ukuta mzuri hupasuka katikati. Katika ukingo wa saruji yafaa kuachwa tundu la kutolea maji kila baada ya mita moja. Tena ikumbukwe kwamba kitu kinachopita kimo cha goti si ukingo tena bali ni ukuta wa kuzuia mlima, na hapo fundi mwashi mwenye ujuzi aitwe, kwa kuwa chini yake pengine pamelala watu.

Chokaa ni habari nyingine. Mawe meupe kando ya njia yanajulikana katika kambi na vituo vyote vya Afrika Mashariki, na hayakuanza kwa urembo tu: jiwe jeupe huonekana gizani bila taa, na askari anayerudi zamu saa nane za usiku huijua thamani yake kwenye ngazi za mlimani. Rangi ya mafuta hubanduka na kuacha mabaka. Chokaa iliyozimwa, ikiloweshwa usiku kucha na kutiwa chumvi kidogo ili ishike, hupakwa mara mbili nyembamba juu ya jiwe lenye unyevu, na kila mwaka hurudiwa kwa gharama ndogo. Huunguza macho na ngozi, basi watoto wawekwe mbali mpaka ikauke. Vumbi jekundu la Juni hadi Agosti huitia rangi ya chai ya maziwa, na hilo halina dawa isipokuwa brashi. Kwa hiyo chokaa ipakwe pale tu mwanga unapohitajika, yaani kwenye njia na vidato. Kupaka kila jiwe la kila tuta ni kuifanya nyumba ifanane na ofisi ya tarafa.

Matofali ya kuchoma hupendwa kwa sababu rangi yake inapatana na udongo wa nchi. Ubora wake haulingani. Yale ya tanuru za mabondeni mengine huwa hayakuiva ndani, na tofali bichi likizikwa ardhini hurudi kuwa matope kabla ya mwaka kupita. Kuna majaribio mawili: yagonganishwe mawili, yakilia kama kengele yameiva, yakitoa sauti ya kufa hayakuiva, na moja liloweshwe ndani ya ndoo usiku kucha lionekane kama asubuhi bado lina pembe zake. Ya kiwandani, kama yale ya Ruliba karibu na Nyabarongo, yameiva sawasawa, ila bei yake si ya kuchezea.

Hesabu ifanywe kabla ya kwenda sokoni. Tuta la mita 4 kwa mita 1.2 lina mzunguko wa mita 10.4. Kwa tofali la sentimita 20 kwa 10 kwa 6, likilazwa kwa urefu wake, yatahitajika 52. Yakisimamishwa wima bega kwa bega yatakuwa 104. Yakielemezwa upande kama meno ya msumeno, yatafika 122 hivi, na machache ya ziada kwa yatakayovunjika njiani. Meno ya msumeno ndiyo mtindo unaopendwa kuliko yote, na ndio unaofaa kidogo kuliko yote mahali palipo na mteremko: kila tofali limeegemea jirani yake, likianguka moja huanguka kumi, na ncha zake huumiza miguu ya watoto wanaokimbia. Yaliyosimamishwa wima, nusu yakiwa ardhini, hudumu zaidi na hugharimu kidogo zaidi.

Nyumba za zamani zilizoezekwa vigae vya udongo, vile viitwavyo amategura, huacha mabaki mazuri paa linapobadilishwa. Vigae vizima vikichomekwa ardhini kwa upande wa mviringo hutoa ukingo wa mawimbi ambao haununuliki dukani.

Lakini katika mabaki ya paa kuna hatari moja inayopasa kutajwa waziwazi. Nyumba nyingi za serikali, shule na majengo ya taasisi yaliyojengwa zamani yaliezekwa kwa mabati ya kijivu yenye asbesto, na serikali ya Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwa mpango maalumu. Vipande vyake ni bapa, vigumu, havioti kutu, na kwa macho ya mtu wa bustani vinaonekana kama vimetengenezwa kwa ajili ya ukingo. Visiguswe. Vikikatwa au kuvunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, nazo zikivutwa kwa pumzi hukaa mapafuni na zaweza kuleta saratani baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Aliyekwisha kuvitumia asivikwangue wala asivisage. Avilowanishe, asiwaruhusu watoto kuvisogelea, na awaarifu wakuu wa mtaa ili viondolewe na watu wenye vifaa.

Kuhusu chupa zilizopinduliwa shingo chini, na magurudumu ya gari yaliyokatwa na kupakwa rangi, maneno machache yanatosha. Chupa ya bia hurudishwa dukani kwa fedha, na ile iliyovunjika tutani hukata vidole vya mwenye kupalilia. Gurudumu hukusanya maji, na maji yaliyotuama ni kitanda cha mbu. Rangi tatu za kupendeza hazimwondolei mtu malaria.

Zinabaki kingo zilizo hai, na hapa Rwanda ina hazina yake ya zamani. Boma la kimila, rugo, lilizungushiwa miti ya miyenzi, ambayo waswahili wa pwani huiita minyaa, au mivumu, au mihati yenye majani marefu. Mhati ni ndugu wa isale la Wachagga wa Kilimanjaro, mmea ambao kwao huonyesha mpaka wa shamba na pia hupelekwa na mtu anayeomba msamaha. Si ajabu kwamba mmea wa mpakani umekuwa mmea wa kupatanisha. Kwa ua mkubwa wa nyumba, mihati hufaa hadi leo. Muyenzi yafaa upandwe kwa tahadhari, kwa kuwa utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona kwa muda.

Kwa tuta dogo, mmea wa kwanza ni mchaichai. Mizizi yake hushika udongo, shina moja hugawanywa kuwa kumi, majani yake huingia katika birika, na hauhitaji kuombwa ili uote. Ukipandwa kwa nafasi ya shibiri moja na nusu kwenye ukingo wa chini, msimu wa pili huwa ukuta wa majani unaochuja maji na kuacha udongo. Vetiva hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu mizizi yake huzama ndani sana, ila hainywewi. Pasipalumu hushika miteremko na kando za mifereji, kama inavyoonekana barabarani kote, lakini ikiachwa karibu na tuta huingia ndani yake. Hukatwa kwa chepe kila mwezi, au huwekewa mstari wa matofali yaliyolazwa ili isipite. Duranta ya majani ya dhahabu ni nzuri ikipogolewa na mbaya ikisahauliwa, tena matunda yake madogo ya manjano yana sumu, jambo la kufikiriwa katika nyumba yenye watoto wadogo.

Chukulia koplo mmoja wa polisi na mkewe waliopata nyumba kwenye mteremko wa Gisozi. Mume, kwa mazoea ya kambini, anataka mawe meupe kutoka langoni mpaka mlangoni na kuzunguka tuta lote.

"Mama watoto," anasema, "mawe yakishapakwa chokaa, hata afande akipita atajua hapa anakaa askari."

"Baba watoto, afande atapita siku moja," anajibu mke. "Mvua inapita kila siku. Weka mawe yako njiani, mimi niachie ukingo wa chini nipande mchaichai."

Mke ana haki kwa upande wa tuta na mume ana haki kwa upande wa njia, na nyumba inayowapa wote wawili nafasi itakuwa imegawana kazi vizuri. Tena kuna jambo ambalo familia ya askari hailisahau: uhamisho. Barua ikija, mawe ya saruji hubaki kwa mpangaji ajaye au kwa mwenye nyumba. Mawe yaliyopangwa makavu huweza kubebwa, na mashina matano ya mchaichai yaliyofungwa ndani ya gunia lenye unyevu yatakuwa ukingo mpya Huye au Nyagatare kabla ya mwaka kwisha. Anayekaa nyumba ya kupanga azungumze kwanza na mwenye nyumba, hasa akitaka kuchimba karibu na msingi.

Njia za miguu nazo zina mambo yake. Njia iliyonyooka kutoka lango la juu hadi mlango wa chini ni fupi kwa mtu na fupi kwa maji pia. Afadhali ipindishwe mara moja au mbili, na palipo na mwinuko mkali ikatwe vidato vyenye jiwe au tofali mbele ya kila kimoja. Uso wa njia uinamishwe kidogo upande mmoja, upana wa kidole gumba kwa kila mita, ili maji yasikae katikati. Upande huo ndio wenye kijifereji, na ukingo uwe kati ya mfereji na tuta. Udongo wa tuta ubaki chini ya kilele cha ukingo kwa vidole vitatu. Kosa hili dogo, la kujaza tuta mpaka likavimba kama mkate, ndilo linalofanya njia ya saruji iwe nyekundu kila baada ya mvua na mama wa nyumba afue mikeka bila kikomo.

Hali kadhalika kuna ukingo ambao watu wengi hawaufikirii kuwa bustani, nao ni ule ulio chini ya upenu. Matone ya paa hupiga ardhi tupu na kurusha udongo ukutani, na ndiyo maana nyumba nyeupe za Kigali huvaa soksi nyekundu mpaka kimo cha goti. Dawa yake ni ukanda wa kokoto wenye upana wa sentimita 50 au 60 kuzunguka nyumba, uliozuiliwa kwa safu ya matofali yaliyolazwa. Tone huangukia kokoto, likavunjika, na ukuta ukabaki safi. Ukanda huo hugharimu kidogo kuliko kupaka rangi mara moja, na hauruhusu nyoka kusogea karibu na dirisha bila kuonekana. Anayetaka urembo zaidi aweza kuupaka ukuta mfupi wa ngazi michoro ya imigongo, ile mistari ya pembe na mizunguko ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu inayotoka mashariki ya nchi, upande wa Kirehe. Imigongo ya asili hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na hukaa ndani ya nyumba. Nje, kwenye mvua, michoro ipakwe kwa rangi ya ukutani juu ya plasta.

Wenye eneo dogo wasijione wametengwa. Biryogo, mtaa ambao Kiswahili kimesikika tangu zamani, nyumba nyingi hazina uwanja hata wa kulaza mkeka, na bado mlangoni hupangwa makopo na vyungu vya mimea kwa safu. Safu hiyo ni ukingo. Ivae tundu chini ya kila kopo, na isizibe mfereji wa mtaa.

Kadhalika akarima k'igikoni, kale kashamba ka jikoni ambako serikali imehimiza kila kaya kuwa nako ili watoto wapate mboga, huhitaji kingo kuliko bustani ya maua, kwa kuwa hutifuliwa mara nyingi na kumwagiliwa kila siku. Mitindo ya mviringo yenye ngazi mbili au tatu huzungushiwa mawe, na mahali pasipo na mawe hutumika mashina ya miti au mabua yaliyofungwa, ambayo hubadilishwa kila mwaka. Kwenye ukingo wenyewe huweza kupandwa seleri na vitunguu vya majani, mimea mifupi inayoshika udongo na kukatwa kidogo kidogo. Dodo na spinachi zikae ndani. Hivyo ukingo nao huingia sufuriani.

Wakati wa kufanya kazi hii hauchaguliwi kwa kalenda ya mshahara tu. Mawe na matofali yapangwe kati ya Juni na Agosti, ardhi ikiwa kavu na handaki likisimama bila kubomoka. Mimea ipandwe mvua za Septemba zikishaingia, si kabla, maana kumwagilia mche wa ukingo kwa ndoo ni kazi isiyokwisha. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, majirani wako nje na zana zao. Asubuhi hiyo yaweza kukubaliwa mahali ambapo maji ya nyumba ya juu yataishia na mfereji wa nyumba ya chini utaanzia, jambo ambalo likiachwa mpaka mvua inyeshe huzungumzwa kwa sauti kubwa.

Na mvua ya kwanza ikija, mwenye bustani achukue mwavuli na viatu vya mpira, atoke nje inaponyesha, asingoje ikatike. Atazame maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, ni jiwe lipi linatikisika, na pembe ipi ya tuta imeanza kutoa uji mwekundu. Pembe hiyo aichomekee kigingi chenye kitambaa, ili kesho yake, jua likitoka na kila kitu kikionekana kimetulia, ajue pa kuanzia na chepe.